Cheti sio bima: mteja akikuambia "niweke kwenye bima yako"

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mafundi na makontrakta wetu wa Kiswahili hapa Marekani. Wengi mlikuwa saiti siku ile mkaniomba niiweke yote, basi nimeiandika vile vile nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, poleni na kazi za wiki nzima, najua kuna watu hapa wametoka moja kwa moja kwenye ngazi na bado wana rangi mikononi.

Nianze na swali. Nani hapa ameshapokea imeili ya mteja inasema tuwekeni sisi kama adishono inshuadi, yaani mwenye bima wa nyongeza, kwenye bima yenu ya dhima kabla hamjaanza kazi? Nyoosheni mikono. Eeh, karibu ukumbi wote. Haya shusheni. Sasa nani aliusoma ule mkataba uliokuja na ile imeili, ile sehemu ya bima yote mpaka mwisho, kabla hajajibu "sawa bosi"? Mmoja... wawili... na mama pale nyuma, watatu. Basi leo naongea na hao wengine wote, na naongea kwa sababu nimeona watu wazuri, mafundi hodari kabisa, wakipoteza walichokijenga miaka kumi kwa ajili ya hilo neno "sawa".

Mimi nilipaka rangi nyumba za watu kabla sijaingia ofisi ya wakala wa bima. Kwa hiyo nimesaini hiyo mikataba bila kusoma, na sasa niko upande wa pili napokea simu za watu waliosaini bila kusoma. Nazijua pande zote mbili.

Tuelewane kwanza mteja anaomba nini. Bima yako ya dhima inafanya kazi hivi, mtu wa nje akiumia au mali yake ikiharibika kwa sababu ya kazi yako, kampuni ya bima inakuwekea wakili na inalipa, mpaka kwenye kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa ilichokubali kulipa. Mteja, awe mwenye jengo au kontrakta mkuu, anajua kwamba kukitokea ajali mwanasheria wa aliyeumia hachagui, anawashtaki wote waliokuwepo. Sasa yeye anataka aingie ndani ya bima yako, awe mwenye bima wa nyongeza, ili akishtakiwa kwa sababu ya kazi yako basi kampuni yako imtetee na yeye. Bima yake isiguswe, bei yake isipande, na kampuni yako isije ikamgeukia baadaye kumdai ilicholipa. Hilo ni ombi la halali kabisa. Msimkasirikie mteja. Mkandarasi mkuu naye ameombwa hivyo hivyo na mwenye jengo.

Lakini sikilizeni hapa maana ndipo penyewe. Kuna ahadi mbili. Ahadi ya kwanza iko kwenye mkataba, inasema mimi nitakuweka kwenye bima yangu. Ahadi ya pili iko kwenye bima, inasema sisi kampuni tumemweka. Ya kwanza unaisaini wewe. Ya pili wanaiandika wao. Zikilingana, umelala usingizi. Zisipolingana, lile pengo katikati linalipwa na nani? Nauliza, linalipwa na nani? Linalipwa na wewe. Kwa sababu uliahidi kununua bima ya namna fulani na hukuinunua, huko ni kuvunja mkataba, na bima yako ya dhima hailipi kosa la kutonunua bima uliyoahidi. Inatoka kwenye akaunti yako, kwenye gari lako la kazi, kwenye nyumba.

Niwape kisa. Kuna kaka mmoja wa jipsamu, mtu makini, kontrakta mkuu akamtumia karatasi akasema tunataka kuwemo. Akapiga simu pale alipokatia bima, dada wa mapokezi akamwambia hakuna shida, nusu saa imeili imekuja na cheti, ule ukurasa mmoja wa ACORD 25, fomu ya cheti ya shirika la ACORD, mnaoujua wote, jina la kontrakta mkuu limeandikwa kwenye kile kiboksi cha chini kushoto. Kontrakta mkuu akafurahi, kaka akafurahi, kazi ikaanza. Miezi mitano mbele mgeni akajikwaa kwenye bodi zilizoegeshwa koridoni akavunjika nyonga. Kontrakta mkuu akashtakiwa, akatuma barua kwa kampuni ya bima ya kaka yetu, nitetee mimi nimo. Wakamjibu swali moja tu, kiambatisho kiko wapi?

Kiambatisho hakikuwepo. Kulikuwa na cheti tu. Na cheti chenyewe, ukichukua kioo cha kukuzia ukasoma pale juu, kinakuambia wazi kwamba kimetolewa kwa taarifa tu, hakimpi anayekishika haki yoyote na hakibadilishi chochote kwenye bima. Cheti ni kama picha ya gari. Unaweza kuipanda picha ya gari ukafika mjini? Kontrakta mkuu akamgeukia kaka, wewe uliahidi kwenye mkataba, na alikuwa na haki. Kaka yule ameilipa ile hela kidogo kidogo mpaka leo.

Kwa hiyo cheti sio bima. Semeni na mimi. Cheti sio bima. Kinachomuingiza mteja ni kiambatisho, yaani ile karatasi inayoongezwa kwenye bima yenyewe na kuibadilisha. Kuna cha kuandika jina, mteja huyu na kazi hii, na kuna cha jumla ambacho kinamuingiza yeyote uliyekubaliana naye kwa maandishi bila kupeleka jina kila mara. Kama una wateja wengi ulizia cha jumla, kitakupunguzia simu nyingi.

Sasa, viambatisho vina namba, na namba hizi mteja anaziandika kwenye mkataba. Shirika la ISO, yaani Insurance Services Office, ndilo linalotunga fomu ambazo kampuni nyingi hapa Marekani zinazitumia. Mbili za kuzijua ni CG 20 10 na CG 20 37. Ya kwanza ni ya kazi inayoendelea, mko saiti, nyundo zinagonga. Ya pili ni ya kazi iliyokwisha, mmeshakabidhi mmeondoka. Mtu akiniambia ninayo ile ya 20 10 namuuliza na ile nyingine? Ananiangalia tu.

Dada mmoja fundi bomba yalimkuta haya. Kazi yake safi, akakabidhi, akalipwa, akasahau. Baada ya majira mawili ya baridi kiungio kimoja ndani ya ukuta kikaachia, maji yakashuka mpaka kwa wapangaji wa chini, dari, mazulia, kompyuta, kila kitu. Wapangaji wakamshtaki mwenye jengo na dada pia. Dada mwenyewe alitetewa vizuri tu, bima yake ilikuwa inamlinda yeye kwa kazi iliyokwisha. Ila mwenye jengo alikuwa ameingizwa kwa 20 10 peke yake, na kazi haikuwa inaendelea tena, ilikwisha zamani. Mkataba ulisema nini? Ulisema vyote viwili, na sio kwa siku ya kukabidhi tu, ulisema miaka kadhaa baada ya kukabidhi. Aliyesaini ni nani? Dada alilia mbele yangu, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole.

Hapa niingie historia kidogo maana itawasaidia mkiona tarehe. Toleo la CG 20 10 la Novemba 1985 lilikuwa pana sana, lilishika kazi inayoendelea na iliyokwisha kwa pamoja. Mwaka 1993 wakalibana likawa la kazi inayoendelea tu. Mwaka 2001 ndio ikaja 20 37 kuziba lile pengo la kazi iliyokwisha. Mwaka 2004 wakabana tena, mteja analindwa pale tu ambapo madhara yamesababishwa, yote au sehemu, na kitendo chako au kutotenda kwako, kwa hiyo kosa likiwa la mteja peke yake hamna kitu. Mwaka 2013 wakaongeza kwamba mteja hapati zaidi ya kile mkataba ulichodai, hata kikomo, mkataba ukisema milioni moja na wewe una milioni tano yeye anapata ile moja.

Kwa nini nawachosha na miaka? Kwa sababu mpaka leo kuna mikataba inakuja imeandikwa "CG 20 10 11 85 au inayolingana nayo". Hizo tarakimu za mwisho ni mwezi na mwaka, Novemba 1985. Mteja anadai fomu ya miaka ya themanini, kampuni nyingi haziitoi tena, na wewe unasaini kwamba utaileta. Utaileta kutoka wapi? Ukiona hivyo usisaini, piga simu, mara nyingi mteja atakubali 20 10 na 20 37 za matoleo mapya zikiwa pamoja, ila akubali kwa maandishi.

Twende kwenye la nani. Nani hasa ameingia? Watu wanadhani kwa kuwa jina limetajwa mahali kwenye makaratasi basi tayari. Kuna kesi ya New York ya mwaka 2018, Gilbane, iliamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo lile. Ilikuwa ujenzi wa maabara ya ghorofa 15 pale Manhattan jirani na hospitali ya Bellevue. Kontrakta wa msingi alisaini na mwenye mradi, na mkataba wao ukasema wasimamizi wa ujenzi, ndio Gilbane na mwenzake, nao waingizwe kwenye bima. Wakati wa kuchimba jengo la jirani likadidimia. Wasimamizi wakasema tuteteeni, tumo. Mahakama ikasoma kiambatisho, kinasema ambaye umekubaliana naye kwa maandishi. Wasimamizi walikuwa na mkataba wa maandishi na yule kontrakta? Hawakuwa nao, mkataba ulikuwa kati ya kontrakta na mwenye mradi. Basi, hawamo.

Mnaona hatari yake kwenu? Wewe ni sabu, yaani kontrakta mdogo chini ya mkuu, umesaini na kontrakta mkuu, na mkataba unakutaka umuingize yeye, na mwenye jengo, na benki, na msanifu, na kampuni ya kusimamia jengo. Kiambatisho chako cha jumla kikiwa cha namna ile, anaingia kontrakta mkuu peke yake na hao wengine wote wamebaki nje, na ahadi yao iko shingoni kwako. Ipo fomu nyingine, CG 20 38, ilitoka 2013, hiyo inawafikia na hao wengine ambao mkataba wako umedai waingizwe. Uliza wakala wako kwa namba hiyo. Au kila mmoja aandikwe kwa jina.

Na hayo maandishi yawepo kabla ya ajali. Nasema tena, kabla. Kuna jamaa huwa wanaanza kazi Jumatatu kwa simu na mkataba wanausaini Ijumaa, ajali ikitokea Jumatano mnajua wenyewe.

Kesi nyingine, ya mahakama ile ile, mwaka 2017, kampuni ya bima ya Burlington na mamlaka ya usafiri ya jiji la New York. Kontrakta alikuwa anachimba kwenye handaki la treni Brooklyn, mashine ikagusa waya uliofukiwa, umeme ukiwa bado unapita, ukalipuka, mfanyakazi wa mamlaka akaanguka akiukimbia ule mlipuko. Kontrakta alikosea? Hapana, ni mamlaka yenyewe haikuonyesha waya ule uko wapi wala haikuuzima. Mahakama ikasema mashine kugusa waya haitoshi, kusababisha maana yake kosa liwe lako kisheria, basi mamlaka haikulindwa chini ya bima ya kontrakta. Kwa hiyo mteja akikuambia nataka nilindwe kwa kila kitu hata kosa likiwa langu peke yangu, fomu za leo hazimpi hivyo, na majimbo kadhaa yamekataza kabisa. Texas kwa mfano, sura ya 151 ya sheria yao ya bima, kwa mikataba mingi ya ujenzi iliyofungwa kuanzia 1 Januari 2012, inabatilisha sharti la kumlinda mteja kwa uzembe wake yeye, isipokuwa aliyeumia akiwa mfanyakazi wako au wa sabu wako. Kila jimbo na sheria yake, msichukue ya Texas mkaipeleka Ohio.

Sasa nimefika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na naomba hata mliosinzia mniangalie.

Bima za bei rahisi. Mnazijua. Unaambiwa huku dola elfu nane, kule elfu tatu, unakwenda kule. Ukurasa wa mbele unafanana, milioni moja kwa tukio, milioni mbili kwa mwaka, cheti kinafanana, hata kiambatisho cha mteja kipo. Lakini huko ndani ukurasa wa arobaini na kitu kuna karatasi inasema hatulipi dai lolote linalotokana na mfanyakazi kuumia, awe wako, awe wa sabu wako, haijalishi nani ameshtakiwa.

Fikirini. Kijana wako ameanguka kutoka kwenye jukwaa. Wewe mwajiri hawezi kukushtaki kirahisi kwa sababu analipwa na bima ya wafanyakazi. Anamshtaki nani? Mwenye jengo na kontrakta mkuu. Nao wanakuja kwenye bima yako wakisema tumo. Huo ndio mzunguko wenyewe ambao mteja aliuogopa tangu siku ya kwanza, ndio sababu kubwa aliomba kuingia, na ndio umeondolewa. New York ndio balaa zaidi maana sheria yao ya kazi kifungu cha 240 inambana mwenye jengo na kontrakta mkuu kwa anguko la kutoka juu hata kama hawakuwepo saiti siku hiyo.

Nilikaa na mzee mmoja wa kuezeka mapaa, mzee wa heshima, anafanya kazi na watoto wake wawili. Nikamfungulia ule ukurasa nikamsomea. Akaniuliza, mwanangu, sasa miaka yote hii nimekuwa nalipia nini? Sikulala vizuri siku ile. Alikuwa hajapata ajali, Mungu alimsaidia, tukambadilishia. Bei ilipanda, akakaza mkanda, akapandisha na bei zake. Nawaombeni, kesho asubuhi kabla ya chai mpigie simu mawakala wenu muulize swali hili hili, mfanyakazi wangu akiumia na akamshtaki kontrakta mkuu, bima yangu inamtetea kontrakta mkuu au haimtetei? Jibu lije kwa imeili, la mdomo usilipokee.

Kikomo nacho. Mteja akiingia haji na hela zake, anakula kwenye sahani yako. Ile milioni moja ni moja kwa wote, wewe na yeye na mwenye jengo. Kama unafanya miradi mingi ulizia CG 25 03, inakupa kikomo cha mwaka kwa kila mradi peke yake, ajali ya mradi mmoja isimalize sahani ya mwingine.

Mengine nayapitia haraka. Mteja akisema bima yako ilipe kwanza na yake isiguswe, ipo fomu yake, CG 20 01. Akisema kampuni yako iachie haki ya kumdai, hiyo ni CG 24 04. Hivyo havitoki vyenyewe kwa kuwa umemuweka mteja, vinaombwa mbali mbali. Akidai aingizwe kwenye bima ya wafanyakazi, mueleze kwa heshima kwamba kule hakuna kitu kama hicho, pengine anachotaka ni kampuni kuachia haki ya kumdai. Akidai cheti kiandikwe atapewa taarifa siku thelathini kabla bima haijafutwa, ACORD walishaitoa ile sentensi tangu toleo la 2009, taarifa inafuata bima inavyosema, akitaka zaidi ni kiambatisho kingine. Na akidai awe mwenye bima kamili kwa jina kama wewe, hapo simama, huyo anaweza kubebeshwa na majukumu yako na kupata ulinzi ambao haumhusu, mara nyingi wala hakukusudia, kakosea neno tu.

Basi ombi likija unafanyaje? Usijibu siku hiyo. Chukua ile sehemu ya bima kwenye mkataba, kurasa zote, mtumie wakala wako, sio muhtasari wako, sio "wanataka cheti", kurasa zenyewe, maana wakala akiona neno cheti atakupa cheti. Mwambie akuambie mstari kwa mstari kipi tunacho, kipi kinanunulika na kwa bei gani, kipi hakipo duniani. Zile zisizowezekana rudi nazo kwa mteja kabla ya kusaini ukiwa na nakala ya kiambatisho chako mkononi, mwambie hiki ndicho ninacho, kisome. Gharama ya zile zinazonunulika iingize kwenye bei ya kazi. Ukishasaini, hifadhi mkataba na kiambatisho pamoja, na usitupe, dai la kazi iliyokwisha linaweza kuja miaka mingi baadaye. Na wewe mwenyewe ukiwa na masabu wadai hivyo hivyo, usichukue cheti chao ukaweka mfukoni.

Mwishoni kijana mmoja wa vigae aliuliza, na nitamjibu hapa kama nilivyomjibu pale. Alisema, kaka, yote hayo nimeelewa, lakini kontrakta mkuu ananiambia saini leo au kesho nampa mwingine, na mimi nina watoto, nifanyeje?

Nilimwambia hivi. Mwombe siku moja. Muandikie kwamba unaitaka kazi, uko tayari kuanza, ila kuna vipengele viwili vya bima wakala wako anavikagua ili yeye kontrakta alindwe kweli, na usiku huo huo mtumie kiambatisho chako. Nimeona ikifanya kazi mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu aliyetuma ule mkataba mara nyingi ni karani anayejaza orodha, lakini akisikia kwamba bosi wake anaweza asilindwe anampelekea bosi wake. Wakikataa kabisa, soma tena kile kipengele kimoja usichokuwa nacho halafu piga hesabu ya kazi yenyewe. Kazi ya dola elfu sita. Ahadi ya milioni moja. Aliniangalia muda mrefu, halafu akatoa simu akaanza kuutafuta ule mkataba.

Tukausoma wote wawili pale pale, nusu ya ukumbi wamesimama nyuma yetu. Wenye mikataba yenu mnitumie tu, Jumamosi ijayo nipo tena.